Siku Bibi Alipoposa Mashine

Samli ikikaa sana kwenye kopo huanza kutoa harufu yake ya pili, ile kali kidogo ambayo watu wa mjini wakiisikia hukimbilia kumwaga. Mimi simwagi. Juzi nilifungua kopo nililoletewa kutoka nyumbani nikasimama jikoni nimeliweka puani kwa muda mrefu, mpaka binti yangu akauliza kama nimepata habari ya msiba. Nilimwambia hapana. Sikuwa nasikia samli hata kidogo. Nilikuwa nasikia chuma na majani mabichi, na nilikuwa na furaha.

Ninyi wa rika langu mliokulia vijijini mnaujua uwanja kwa fyekeo. Mlifyeka shuleni mlipochelewa namba, mkafyeka nyumbani shule ilipofungwa, na wengi wenu mliapa kwamba mkiwa wakubwa mtajenga nyumba na kumwaga zege mpaka barabarani. Nimewatembelea, na nimeona kwamba mmetimiza. Siwalaumu. Mimi nilipata bahati ya kuupenda uwanja nikiwa mdogo, na sababu zake ni za ajabu kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Uwanja wetu pale Matongo ulikuwa mkubwa kupita haja yetu. Babu, ambaye sikumkuta, aliufungua wakati akiwa na ng'ombe wengi na vijana wa kuja kucheza ngoma, naye alitaka wote waenee bila kukanyagana. Alipokufa, ng'ombe walipungua na wageni wakapungua, lakini uwanja haukupungua. Chini ulikuwa na ukoka mzuri, laini, ambao ukiukanyaga asubuhi unaacha unyevu kati ya vidole. Juu ya ukoka yaliota magugu ya kila namna, na katikati yake yalijificha mawe na vilima vya fuko. Kutoka mlango wa Bibi hadi lango la zizi, mtoto wa umri wangu aliweza kukimbia akachoka kabla hajafika.

Kwetu mji wa mtu, yaani boma lake na nyumba zake, husomwa kwa uwanja. Mji ambao majani yamefika mlangoni ni mji uliokufa, hata kama ndani watu wanapika na kucheka. Na mji uliokufa hurudi kwa ukoo. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya nyumba yetu, na haikuwa ya bure, maana alikuwepo mtu aliyekuwa akiyasubiri hayo majani kwa hamu.

Mtu huyo alikuwa Babu Mdogo, ndugu wa mwisho wa Babu. Sikumchukia, alikuwa akija na biskuti mfukoni, zimevunjika lakini tamu. Alitembea na fimbo ndefu nyeusi, na kabla ya kupiga hodi alipita kwanza uwanjani, akiichomeka fimbo kwenye majani hapa na pale, akiinama kuangalia imezama kiasi gani. Nilidhani anatuwindia nyoka. Nilimfuata nyuma nikimwonyesha mahali nilipowahi kuwaona, naye alinishukuru kwa adabu sana. Kumbe alikuwa anapima urefu wa majani. Ulikuwa wakati wa dhahabu. Shamba la jirani yetu wa upande wa juu lilikuwa limeshageuka maduara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na ilisemekana mwamba wenye mali unakuja moja kwa moja kuelekea kwetu. Babu Mdogo aliutaka uwanja ule, ila si kwa ajili ya kukaa.

Na sisi tulikuwa mji wa wanawake watupu. Bibi alizaa mabinti, wote wakaolewa, mmoja wao ng'ambo ya mpaka, Isebania. Babu alipokufa bila mtoto wa kiume, Bibi alifanya jambo ambalo mila yetu inamruhusu mwanamke wa namna hiyo: alitoa ng'ombe, akaoa mke. Alimwoa Mama, kutoka Ringwani huko Serengeti, msichana mrefu mwenye mikono ya kazi, ili watoto atakaowazaa wawe wa mji wa Bibi na waurithi. Watu wa mbali wakisikia habari za nyumba ntobhu huuliza maswali mengi ambayo mimi sikuwahi kuyauliza. Kwangu Bibi alikuwa mwenye mji, Mama alikuwa mke wa mji, na mimi nilikuwa mtoto wa mji. Mwanamume aliyenizaa alikuwa mtu wa kupita, na hakuna aliyemtaja. Kasoro ilikuwa moja tu: Mama alinizaa mimi, msichana, kisha hakuzaa tena.

Mama ndiye aliyeufyeka uwanja. Alianza upande wa zizi asubuhi na mapema, kanga kiunoni, akirusha fyekeo kushoto na kulia kwa mwendo mmoja ambao ulinipa usingizi nikiusikia kutoka ndani. Akifika mlangoni kwa Bibi, upande wa zizi ulikuwa umeshaota tena, naye anarudi kuanza upya. Zamani vijana wa jirani wangesaidia kwa sahani ya ugali na kibuyu cha pombe ya mtama. Sasa walikuwa wote mashimoni, wakirudi jioni na vumbi kichwani na simulizi za fulani aliyepata jana. Hata wachungaji wa ng'ombe walikimbia. Ukimwita kijana akufyekee, alikuangalia kama umemwomba akuletee mwezi.

Masika yale fyekeo liligonga jiwe, likaruka, likamkata Mama muundi wa mguu. Kidonda kilifunguka vibaya. Akawa wa kukaa kwenye mkeka, mguu juu ya gunia, akiangalia majani yakipanda. Babu Mdogo alikuja, akachomeka fimbo, nayo ikazama karibu nusu. Siku hiyo sikupewa biskuti. Alikaa mbele ya Bibi akasema mbele ya Mama, kana kwamba Mama alikuwa moja ya mawe ya jikoni:

"Shemeji, mji huu unakufa na wewe unauangalia. Huyu mke amekupa msichana mmoja, na sasa hata kufyeka hawezi. Oa mwingine. Mtamba unao pale zizini. Mimi naijua nyumba yenye binti mzuri, mwenye nguvu, akuzalie kijana."

"Na huyu?" Bibi aliuliza.

"Huyu arudi kwao Ringwani akapone vizuri. Na mtoto wake. Mvua zikikatika wazee watakuja kukaa hapa kuuangalia mji, na mimi sitakuwa na la kuwaficha."

"Nimesikia," Bibi alisema. Bibi alikuwa mtu wa kunyamaza. Aliamini kueleza mambo ni kazi ya watu wasio na kazi.

Mtamba huyo aliitwa Paji, mwekundu, mwenye doa jeupe katikati ya macho. Kuanzia kesho yake Bibi alianza kumpa magadi ya ziada na kumpangusa mgongo. Kisha akatuma salamu kwa mkwe wake wa Isebania. Kisha akamwambia Mama atoe mabunzi yote kwenye nyumba ndogo, aifagie na kuikandika sakafu upya. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga. Kwetu ng'ombe wa namna ile, akilishwa magadi na kupanguswa, anatoka nyumbani kwa jambo moja tu, kuleta mke. Na nyumba ndogo haikandikwi kwa ajili ya mabunzi. Nilijumlisha nikapata jibu: Bibi anakwenda kuoa, na mimi na Mama tunakwenda Ringwani, mahali nilipopajua kwa jina tu. Mama aliikandika ile sakafu akiwa amekaa, akijivuta kwa makalio, mguu mbovu mbele. Aliikandika vizuri sana.

Siku ya mnada Bibi alivaa gauni lake la kanisani akasema twende wawili, mimi nikiwa wa kumswaga Paji kwa nyuma. Nililia njia nzima bila sauti. Bibi alidhani ni vumbi.

Sasa lazima nieleze habari ya mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, hawakai meza moja. Ni heshima nzito, na Bibi aliishika kuliko alivyoishika Kwaresima. Kwa hiyo tulipofika mnadani na kuliona gari la mkwe, pikapu iliyofunikwa turubai, Bibi alisimama mbali, akaigeuzia mgongo, akafungua mwavuli wake mweusi. Mkwe naye alitugeuzia mgongo. Wakaanza kuzungumza kupitia kwangu, nikikimbia katikati kama kitenesi.

Mnaona jinsi hali ilivyonizidi. Mtamba amepanguswa, Bibi kavaa vizuri, watu wazima wanaongea kwa mshenga. Ulikuwa uposaji mtupu, na kilichokosekana ni binti mwenyewe. Nikamtafuta. Karibu na pikapu alikaa msichana akikaanga mandazi, mrefu, mashavu yamejaa, kitambaa cha njano kichwani. Nikamwendea na kumkagua.

"Unajua kufyeka?" nilimuuliza.

"Kufyeka nini?"

"Majani. Uwanja mkubwa."

Alinitazama. "Kwetu kuna mbuzi," alisema. "Wewe unanunua andazi ama hununui?"

Nikaona huyu mji utamshinda kabla ya mwezi kwisha, na moyo wangu ukapata nafuu kidogo.

"Ambia mama ziko mbili," mkwe aliita bila kugeuka. "Zote zimetoka kwa shamba ya chai, kwa nyumba ya wazungu. Kitu safi kabisa. Hii ni ya petroli, unavuta kamba tu. Hii ingine ni ya kusukuma."

Dereva wake akatoa turubai. Ndani ya pikapu kulikuwa na vitu viwili vya chuma vyenye magurudumu na mikono mirefu, na hakukuwa na mke yeyote. Niliinama nikaangalia hata chini ya gari.

Bibi hakuwahi kuchagua mashine maishani mwake, ila alikuwa amechagua ng'ombe wengi, na hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu. "Mwambie mkwe asogee," aliniambia. Mkwe akaenda kusimama nyuma ya mti wa mbali, uso kwenye gome. Ndipo Bibi akafunga mwavuli na kukaribia. Dereva alivuta kamba ya ile ya petroli. Ilikohoa, ikanguruma, ikatoa moshi wa buluu, na ng'ombe wote wa upande ule wa mnada wakaamua kuondoka. Watu walikimbia huku na huku wakishika kamba na mikia. Bibi hakutikisika.

"Mwambie huyu hapana," alisema kelele zilipotulia. "Anakunywa petroli, na petroli yote ya Tarime inaishia kwenye pampu za mashimoni. Kwangu atakufa kwa kiu. Halafu ana hasira."

Ya pili ilikuwa ya kijani iliyochakaa, yenye visu virefu vilivyopindwa kuzunguka mhimili, na gurudumu kila upande. Bibi aliinama akayaangalia meno yake moja moja, akayapitishia kidole gumba. Aliisukuma mbele, akairudisha nyuma, akaitembeza tena mbele akitazama miguu. Akaegemeza sikio.

"Uliza huyu anakula nini."

Nikakimbia mpaka kwenye mti, nikarudi. "Anasema haili kitu. Inataka mafuta kidogo tu ya kulainisha."

"Hata samli?"

Nikakimbia tena. Mkwe alifikiri kidogo. Lakini ni mkwe gani atamkatalia mama mkwe? "Ambia mama hata samli," alisema.

Bibi aliisukuma kwenye kipande cha majani pembeni ya mnada, mahali ambapo mifugo hulala wakisubiri bei. Ile mashine ikatoa sauti ya mtu anayecheza na mkasi, na nyuma yake ukabaki utepe wa majani yaliyolingana kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Bibi aliutazama ule utepe, akapita juu yake kwa mguu mtupu, kwenda na kurudi. Sijawahi kumwona mtu mzima akitamani kitu waziwazi namna ile. Paji alikabidhiwa kwa dereva, si kwa mkwe mwenyewe, asije mtu akasema Bibi anarudisha mahari ya binti yake. Nilimkumbatia Paji shingoni, nikanusa, nikamwacha.

Njiani Bibi alisukuma nami nikabeba mwavuli. Wachimbaji waliokuwa wakipanda kwenda karasha, kule wanakosaga mawe, walisimama. Wawili wakatufuata.

"Mama shikamoo," mmoja alisema. "Hicho kinapima dhahabu mpaka chini kiasi gani?"

"Marahaba. Kinapima majani, mura."

Walicheka kwa heshima wakaendelea kutufuata. Hakuna mtu mwenye akili aliyeamini kwamba mwanamke anaweza kutoa mtamba kwa ajili ya majani wakati dunia nzima inatafuta dhahabu. Walikata tamaa tulipokaribia nyumbani, na hapo ndipo nilipopata ujasiri.

"Bibi, mke atakuja lini?"

"Mke gani?"

"Wa Paji."

Bibi alisimama. Aliniangalia, akaangalia barabara, akaniangalia tena. "Nani kakwambia ninaoa?"

"Nyumba ndogo imekandikwa."

"Imekandikwa kwa sababu chuma kinashika kutu kwenye unyevu," alisema. Kisha, baada ya hatua kadhaa, kwa sauti ya mtu aliyekerwa na upuuzi: "Mke ninaye. Hajaniudhi."

Mama alikuwa kwenye mkeka wake tulipoingia. Kando yake kulikuwa na furushi, nguo zake na zangu, limefungwa kwa kanga. Aliiona mashine, akamtazama Bibi, akatazama nyuma yetu barabarani, akaona hakuna mtu mwingine. Halafu akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, na mimi nikadhani analilia Paji. Bibi alilitazama furushi kwa muda mrefu.

"Nyie wawili," alisema, "mlikuwa mmekaa hapa mkiniwazia hivyo?" Hakungoja jibu. Alilifungua furushi kwa mikono yake, akazirudisha nguo moja moja kwenye kamba, kisha akatumia ile kanga kuifuta mashine vumbi. Ndipo akatoa kopo la samli.

Ningependa kusema mambo yalikwenda vizuri kuanzia hapo. Kesho yake Bibi aliingiza mashine kwenye majani yaliyomfika magotini, na mashine ikala mdomo mmoja, ikakwama. Akaichomoa, akaisukuma tena, ikakwama. Mabua yalijizungusha kwenye visu kama uzi kwenye kijiti. Hatukujua kwamba ile ni mashine ya majani mafupi, ya watu ambao uwanja wao haujawahi kuota. Mkwe alijua. Lakini mkwe gani ana uso wa kumfundisha mama mkwe kazi, na mama mkwe gani anamuuliza mkwe kitu asichokijua? Kwa heshima tu, kila mmoja alimwacha mwenzake gizani. Babu Mdogo alipita, akaikuta mashine imenasa katikati ya uwanja kama mbuzi aliyefungwa akasahaulika. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye fimbo.

"Mtamba wa kuolea mke umemtoa kwa kitanda cha kuku, shemeji," alisema. Jioni ile Bibi hakula.

Aliyeona njia alikuwa Mama, kwa sababu Mama alikuwa amekaa na hakuwa na kingine cha kufanya ila kutazama. Aliona kwamba kando ya njia, pale mbuzi wa wapita njia walipouma-uma majani, mashine ilipita bila kukwama. Akaniambia nimwite jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama mmoja mwenye kondoo wengi ambaye wanawe wote walikuwa wameingia mashimoni. Kondoo wake walikuwa wakishinda zizini wakipiga kelele kwa njaa, hana wa kuwachunga.

"Leta kondoo wako walale na washinde kwetu," Mama alimwambia. "Uwanja una majani, na mtoto atawaangalia."

"Mungu akubariki," yule mama alisema, kama vile sisi ndio tuliokuwa tunamsaidia.

Kondoo wakaingia. Walianzia zizini wakaja polepole, vichwa chini, mstari mmoja, wakiacha nyuma yao majani ya kimo cha kifundo. Mimi nilifuata nyuma ya kondoo nikiokota mawe na kusawazisha vilima vya fuko kwa jembe. Nyuma yangu ilikuja mashine, Bibi akisukuma. Na Bibi alipochoka nikajaribu mimi, nikagundua kwamba ule mkono wa chuma ulinifika kifuani sawasawa, na nikiulalia kwa uzito wangu wote, mashine inakwenda. Fyekeo mtoto hapewi, linaruka, linakata. Mashine ile haikuwa na mahali pa kunikata nikiwa nyuma yake. Nilijifunza kungoja umande ukauke. Nilijifunza kukata kwa urefu wiki moja na kwa upana wiki nyingine, ili ukoka usilalie upande mmoja. Zaidi ya yote nilijifunza kutochelewa, maana mashine ile haikusamehe majani yaliyopita kifundo. Shule ikitoka, wenzangu walipitia mashimoni kuokota vijiwe na kuponda kwa nyundo, na wengine hawakurudi darasani tena. Mimi nilikimbia nyumbani nikawahi uwanja wangu, nikawaona wao wana bahati. Namshukuru Bibi kwa hilo pia, ingawa sidhani kama alilipanga.

Mvua zilikatika, wazee wakaja. Walikaa uwanjani kila mmoja kwenye kigoda chake, na mkubwa wao alikuwa mzee mfupi ndani ya koti refu la baridi, mwenye masikio mazito. Babu Mdogo alisimama akachomeka fimbo yake mbele ya wote. Haikuzama. Akaihamisha mahali pengine, nako haikuzama. Mzee mwenye koti alikuwa amevua kiatu kimoja na alikuwa anausugua mguu wake kwenye ukoka taratibu, macho amefumba.

"Majani ni mafupi, sikatai," Babu Mdogo alisema. "Lakini mji si majani. Shemeji akiondoka, nani atasimama hapa? Mimi naulizia damu ya kaka yangu."

Ilikuwa hoja nzito, na nilimwona Mama, aliyesimama mlangoni, akishika mwimo. Bibi aliniambia nilete mashine. Nikaileta. Nilikata mbele ya wazee, kutoka zizini mpaka miguuni pao, nikageuza, nikarudi.

"Huyu ni wa nani?" mzee mwenye koti aliuliza kwa sauti kubwa.

"Wa kwangu," Bibi alisema. "Mji ni wake."

"Msichana?"

"Ndiye aliyezaliwa."

Mzee aliniita nikasogea, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia. "Mjukuu," alisema, "siku moja utaolewa. Utakwenda kwenye mji wa watu. Hapa utamwachia nani?"

Sikulifikiria jibu. Nilisema nilichokuwa nimekiona maishani mwangu. "Mimi siendi popote. Nikikua nitatafuta mtamba, nioe mke, kama Bibi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Hata Babu Mdogo alicheka, kisha akakumbuka upande wake akaacha. Mzee mwenye koti alivaa kiatu chake. "Mimi nimeuliza nani, nimejibiwa," alisema. "Fimbo yako, mdogo wangu, itafute mji mwingine wa kupima."

Sikuoa, kama mnavyojua. Niliolewa, nikahama, nikazaa. Lakini maduara yalikuja yakapita pembeni yetu, na mji upo, na Mama bado analala ndani yake, mzee sasa, na hakuna aliyewahi kumwambia tena habari za Ringwani. Bibi amelala uwanjani, chini ya ukoka. Kila kitu nilichokuwa nacho baadaye, shule, kazi, uwezo wa kusimama mbele ya wanaume na kusema langu, kilianzia kwa mwanamke yule aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa kutoa na akakataa kumtoa kwa ajili ya kubadilisha watu wake. Nasema asante, Bibi. Nilipaswa kusema mapema.

Siku ile, wazee walipokuwa bado wanacheka, Bibi aliingia ndani akatoka na kigoda cha Babu, cheusi, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikikalia. Alikiweka kwenye duara lao, kati ya mzee mwenye koti na Babu Mdogo.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa. Mama akaleta uji wa mtama. Alianza na mzee mkubwa, akafuata umri wao mmoja mmoja, akichechemea. Alipomaliza nilidhani ataingia jikoni. Alikuja mpaka mbele yangu, akapiga goti la mguu mzima kama alivyowapigia wao, akanipa kibuyu kwa mikono miwili.

"Karibu uji, mwenye mji," alisema, na mama yangu hakuwa anatania.